Teke la Shangazi

Kambini kwetu bunduki hazikuitwa kwa namba. Namba ni mambo ya karatasi za polisi. Sisi tuliziita kama ndugu wa ukoo, kila moja kwa jinsi inavyokupiga.

Ile 375, nyepesi, yenye kitako cha plastiki nyeusi, tulimwita Mkamwana. Mke wa mwanao huyo: mwembamba, mtulivu mbele za wageni, ila ukimgusa vibaya anakuzaba kofi kabla hujajua kosa lako. Ile 458 kuukuu, nzito, yenye kitako cha mbao, tulimwita Shangazi, maana dada wa baba akija kukusema hakuzabi. Anakuegemea, anakusukuma hadi ukutani, na mkifika ukutani bado ana la kuongeza. Ya mitutu miwili, 470, ndiye Baba Mkwe. Huyo humgusi mpaka uchuchumae umpigie makofi ya heshima, kama wakwe wanavyosalimiwa kwetu. Ukisahau, mjomba wangu anakurudisha langoni ukaingie upya.

Mjomba Gwatidzo, kaka wa mama yangu, ndiye aliyekuwa mwindaji mkuu wa kambi, huku bondeni kwa Zambezi, chini ya milima ya Makuti. Mtu mrefu, mikono mirefu. Akisimama mlangoni hakuna haja ya kufunga mlango. Mimi ni Muchaneta. Kwetu mjomba na mpwa ni watani, kwa hiyo ukitusikia tunatukanana usiite watu. Siku tutakapoongea kwa adabu ndiyo uulize nani amefariki.

Mwaka ule nilikuwa mwindaji mwanafunzi. Mtihani wa kuandika nilikuwa nimeshapita: sheria, nyayo, nyoka, huduma ya kwanza, vyote. Ulibaki wa shabaha. Nyati wa bati anafungwa juu ya kigari, anavutwa kwa kamba, anakuja moja kwa moja ulipo. Wewe una bunduki kubwa na risasi tatu, na zote tatu ziingie kwenye duara lililochorwa kwa rangi kabla hajakufikia. Ukipita, unapewa leseni ya kuongoza wageni porini. Ukianguka, na hili meneja alinieleza bila kupepesa jicho, nafasi ya mwanafunzi anapewa mwingine, nawe unarudi stoo ya mashuka. Nilikuwa nimekunja mashuka ya kambi ile hadi nikawa naweza kuyakunja usingizini. Sikutaka kurudi. Afadhali nyati wa kweli.

Tatizo ni kwamba nilikuwa sipigi popote. Kwa bunduki ndogo nilikuwa hodari; hata wapishi waliniheshimu. Nikimshika Mkamwana, risasi zilikwenda ardhini kana kwamba nawinda viazi.

"Mkamwana ndiye saizi yako," mjomba alikuwa ameamua. "Mwili wenyewe kama mwiko wa kusongea sadza. Shangazi atakurusha mpaka Zambia, ng'ambo ya mto, nami sina pasi ya kukufuata."

Mazoezi tuliyafanyia mezani. Kulikuwa na meza ya saruji, mifuko ya mchanga ya kulazia bunduki, na kigoda. Unakaa, kifua kinagusa meza, unalenga, unafyatua. Kila mtu kambini alijifunza hivyo, na kila mtu alijua teke la kila bunduki kwa kigoda kile. Mkamwana alinipiga shavuni mpaka nikawa natafuna upande mmoja.

Taguma, mwanafunzi wa kambi ya jirani, alikuwa anakuja kufanya mazoezi nasi. Kijana wa ukoo wa simba, mabega kama mlango wa ghala, na jina la ukoo tulilomwitia, Shumba, alilibeba kweli.

"Dada, umegombana na mume?" aliniuliza akilitazama shavu.

"Sina mume, Shumba. Nikipata nitamchagua mwenye kitako laini kuliko hiki."

"Mimi teke la bunduki silisikii. Naona kama mtu amenigusa begani kuniuliza saa."

"Basi mwambie saa ngapi, aache kukuuliza."

Baada ya hapo nilifanya ujinga. Nilichukua sifongo ya godoro lililochakaa, nikaikata, nikaishonea ndani ya bega la shati langu. Kitu kinene, kizuri, nilikisifu mwenyewe kwenye kioo. Nilipokaa kigodani, kitako cha bunduki, ambacho tayari kilikuwa kirefu kwa mikono yangu, kikawa kirefu zaidi. Nikajinyoosha kukifikia kifyatulio kama mtu anayechuma papai. Bunduki ililia, kitako kikateleza kutoka kwenye sifongo, kikanipiga mkononi juu ya kiwiko. Mkono ukaota rangi ya biringanya.

Mjomba alicheka hadi akakaa chini. "Chihera umejitandikia kitanda, bunduki ikakosa pa kulala!"

Chihera ni jina la heshima la wanawake wa ukoo wetu, ukoo wa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Nchi nzima inaamini wanawake wa ukoo huu ni wabishi hawana dawa. Ni uongo, na nitabishana na yeyote anayeusema.

Ile jioni, huku nakoroga uji kwa mkono wa kushoto, nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mapema. Nani alisema Mkamwana ndiye mpole? Alisema mjomba. Mjomba alijuaje? Alijulia kigodani, kwa mabega ya mjomba.

Asubuhi nikamwendea. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya adabu. Akashtuka.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka kuzipiga zote tatu. Nimesimama."

"Zote? Na Baba Mkwe?"

"Na Baba Mkwe."

"Mkono wako wa biringanya, je?"

"Mkono ni wangu, mjomba. Wewe leta kikombe."

Kikombe kilikuwa desturi ya kambi. Ukimaliza kufyatua bunduki kubwa, unapewa kikombe cha bati kilichojaa chai hadi ukingoni, unakishika kwa mkono uleule uliofyatulia, na watu wanatazama unamwaga kiasi gani. Kilikuwa mchezo wa kuwachekea wageni, hakikuwa kipimo. Mimi nikakifanya kipimo.

Nilianza na Mkamwana, miguu imepanuliwa, mwili umeinama mbele kidogo. Kofi la shavuni kama kawaida, kali, la haraka, mlio wake ukanibakia kwenye meno. Chai ilimwagika hadi kwenye kiatu.

Nikapumzika. Nikamshika Shangazi. Uzito wake ulinivuta mbele, nikasema hapa ndipo nitakapoitazama Zambia. Nikafyatua. Mtutu ukapanda, bega likarudi nyuma, kiuno kikafuata, mguu wa nyuma ukazama mchangani, na mimi mzima nikayumba kama mti kwenye upepo, kisha nikasimama. Ulikuwa msukumo mkubwa na mrefu, lakini shavu halikuguswa. Chai ilimwagika kidogo tu, ikalowesha kidole.

Baba Mkwe, kwa ule uzito wake wa chuma tupu, alinisukuma kama mtu mzima anayekupisha kwa heshima. Chai haikuvuka ukingo.

Taguma hakuamini. "Umeanza kuzoea, ndiyo maana. Ungeanza na Shangazi ungelia."

"Basi tugeuze mpangilio."

Tukaugeuza. Ikawa vilevile: kofi la Mkamwana, msukumo wa Shangazi. Mjomba hakucheka tena. Alikuwa anakikuna kidevu.

"Simama hapo," akasema. "Chukua Mkamwana tena. Nakuwekea risasi mimi mwenyewe."

Aligeuka akanipa mgongo, akaijaza bunduki, akanikabidhi. Nikalenga, nikavuta pumzi, nikafyatua. Tiki! Kimya. Hakuweka risasi, alikuwa ameweka ganda tupu. Lakini mtutu, ambao haukusukumwa na kitu chochote, ulikuwa umeinama wenyewe hadi ukaelekea vidole vyangu vya mguu, na macho nilikuwa nimeyafumba kama mtu anayemwagiwa maji.

Walicheka hadi ndege wakaruka mtini. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeiona sasa. Bunduki haikuwa inanipotezea shabaha kwa kunipiga. Nilikuwa naipoteza kabla, kwa kulisubiri lile kofi nililofundishwa kigodani, pale kifua kinapobanwa na meza na mwili hauna pa kwenda.

"Mpe na Shumba," nikasema nikifuta machozi.

"Mimi sihitaji," Taguma alisema.

"Mtu anakugusa begani kukuuliza saa tu. Unaogopa nini?"

Akaichukua. Mjomba akamgeuzia mgongo, akajaza. Tiki! Taguma mzima, na mabega yake yote, akaruka kama aliyekanyaga nge.

"Saa ngapi?" nikamuuliza.

Aliichukua kofia yake, akasema ana kazi kambini kwao.

Nikamwambia mjomba nitafanya mtihani na Shangazi. Baba Mkwe hakufaa, ana risasi mbili tu tumboni na mwenye kambi hamtoi nje ya lango. Mjomba alikubali kuhusu bunduki. Tukagombana kuhusu kitako. Kilikatwa kwa kipimo cha mikono ya mjomba, na mikono ya mjomba ni ya kuchukulia vitu juu ya kabati bila kigoda. Nilihitaji kipungue upana wa vidole viwili hivi.

"Msumeno?" mjomba akasema. "Msumeno ukimgusa Shangazi, uanzie kwenye mguu wangu. Nyati wa kule Rukomechi alikuwa juu yangu, Chihera. Juu yangu! Nani alimwondoa?"

"Shangazi."

"Basi unataka kumkata miguu."

Mtu akishataja nyati wake, umeshashindwa. Nilimchukua Shangazi nikaenda kukaa naye nyuma ya stoo, nikimzungusha mapajani, nikimtazama kama mshonaji anayetazama nguo ya marehemu. Mwisho wa kitako palikuwa na mpira mnene, mwekundu, wa kupunguza teke. Niliubonyeza kwa kidole gumba. Haukubonyea. Jua la miaka yote ile lilikuwa limeukausha ukawa kama kisigino cha babu. Ulikuwa jiwe linalojiita mpira. Na unene wake ulikuwa vidole viwili.

Nikachukua bisibisi.

Mjomba alitokea nilipokuwa nimeshautoa. "Mama yangu! Unautoa mpira? Watu wanaongeza, wewe unapunguza?"

"Nimeshaongeza, mjomba. Umesahau biringanya?"

"Mbao tupu itakuvunja mtulinga!"

"Haitakuwa tupu." Nikavua ndala yangu ya mguu wa kulia. Ilikuwa ya waridi, mpya, laini, niliinunua Karoi. Nikaiweka kwenye kitako, nikachora kwa mkaa, nikaikata kwa kisu, nikaifungia kwa skrubu zilezile.

Mjomba aliitazama bunduki iliyomwokoa na nyati, sasa imevaa ndala ya waridi. Nilidhani atalia.

"Ukianguka mtihani," alisema polepole, "nitamwambia kila mtu Makuti. Na mama yako. Na wakwe zako wajao."

"Nikipita je?"

"Ukipita, nitanyamaza. Kwangu hiyo ni adhabu kubwa zaidi."

Nilimweka begani. Shavu lilitua kwenye mbao bila kutafuta, kidole kikakifikia kifyatulio bila kujinyoosha. Nilipofyatua, Shangazi alinisukuma katikati ya bega, pale pana nyama, sio mkononi wala shavuni. Nikavuta komeo la kutolea ganda, nikaomba risasi nyingine.

Kuanzia hapo tulifanya kazi. Kila asubuhi mjomba alinipa mgongo na kujaza. Maganda matupu mengi, risasi za kweli chache, na mimi sijui ipi ni ipi. Tiki. Tiki. Bum! Mwanzoni nilikuwa naruka kwenye kila tiki, naye anahesabu aibu zangu kwa sauti. Bega liliuma. Nililala upande mmoja, nikasonga sadza kwa mkono mmoja, nikavaa gauni kwa kulishushia juu kama gunia. Hakuna aliyeniambia nipumzike ila mama, kwa simu, naye nilimwambia mtandao mbaya. Mpaka ikafika siku tiki ikalia na mtutu ukabaki pale pale, umetulia kama fimbo ya mwinjilisti. Mjomba akageuka kuangalia kama nimezirai.

"Tena," nikamwambia.

Siku ya mtihani tulikuta watahini wamekaa chini ya turubai. Mkubwa wao alikuwa Mzee Mabvure, mwindaji mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza. Aliichukua bunduki yangu kuikagua, akaigeuza, akaiona ndala. Akaniangalia miguuni.

"Nyingine iko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Inamsubiri mwenzake."

"Na hii inaruhusiwa?" mtahini mwingine akauliza.

"Sheria inataja kaliba ya mtutu," Mzee Mabvure alisema. "Haitaji viatu."

Taguma alitangulia, na 375 ya kambi yao, pacha wa Mkamwana. Risasi ya kwanza ilikaa vizuri katikati ya duara. Ya pili ikagusa ukingo. Ya tatu ikapiga ardhi mbele ya kigari, vumbi likafunika nyati mzima. Alirudi ameinamisha kichwa, na mimi, niliyekuwa na mizaha mdomoni tayari, niliimeza. Kuna wakati utani unasubiri.

Nikasimama kwenye mstari. Nyati wa bati akatikisika kule kwenye nyasi, akaanza kuja, kigari kikilia kama mkokoteni usiotiwa mafuta. Nilijiambia: hii ni tupu. Bum! Shangazi akanisukuma, nikayumba, nikavuta komeo. Hii ni tupu. Bum! Nikavuta komeo tena, nikalenga, na nyati akaenda upande, akaanguka. Kamba ilikuwa imekatika.

Watahini wakasimama. Wakazungumza. Mzee Mabvure akanijia.

"Mbili zimeingia. Lakini sheria ni tatu kwa mbio moja. Itabidi uanze upya, mwanangu. Kamba tunaifunga. Ukitaka kupumzika, kuna kundi la mwezi ujao, sitakuhesabia kosa."

Mjomba, kule nyuma, alinyanyua kiganja kunionyesha nikubali. Bega lilikuwa linadunda kama ngoma ya mazishi. Ndala ilikuwa imepasuka kwenye skrubu ya juu. Mwezi ujao bega lingekuwa limepona. Mwezi ujao pia ningekuwa na siku zote hizo za kulisubiri teke, nikilala nalo, nikiamka nalo, nikilikuza kichwani hadi liwe kubwa kuliko nyati.

"Fungeni kamba," nikasema.

"Una uhakika?"

"Mzee, huyu ni Chihera," mjomba alipaza sauti kwa uchovu. "Fungeni tu."

Wakafunga. Nyati akaja, safari hii kwa kasi zaidi, maana aliyevuta alikuwa ameudhika. Hii ni tupu. Bum! Bega likawaka moto. Hii ni tupu. Bum! Komeo lilikuwa zito kwenye kiganja cha jasho. Nililipiga kwa kisigino cha mkono, likaingia. Nyati alikuwa ameshafika mahali ambapo wa kweli ungesikia pumzi yake. Niliona rangi ya duara, niliona misumari ya bati. Mwili wangu ulijua kabisa kwamba hii haikuwa tupu, na ulianza kujikunyata. Nikaubembeleza: yumba, usisubiri, yumba tu. Macho nikayaacha wazi. Bum!

Kigari kilinipita, kikasimama nyuma yangu. Nikafungua komeo, nikaonyesha tumbo la bunduki kuwa tupu kama inavyotakiwa.

Mzee Mabvure alienda kwa nyati, akaweka kidole kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu. Akarudi bila haraka.

"Tatu ndani," akasema. "Kesho kutwa fuata leseni. Na ununue ndala."

Mjomba alinyamaza, kama alivyoahidi. Alinyamaza tulipokunywa maji, alinyamaza tulipomfariji Taguma, ambaye alikuwa ameshaniomba nimwazime maganda matupu. Nilikuwa nimeanza kuogopa. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo bunduki. Nataka kujua umeifanya nini."

"Mjomba, kitako sasa ni kifupi. Wewe—"

"Nilianza kumfyatua Shangazi kabla mama yako hajaolewa."

Watahini wakamruhusu apige kwenye kifusi cha nyuma. Akasimama kwa madaha, mikono mirefu imekunjana kama ya panzi, pua karibu kabisa na kidole gumba. Akafyatua. Shangazi akarudi nyuma, kidole gumba kikaja naye, kikatua katikati ya pua ya mwindaji mkuu wa bonde zima.

Alisimama kidogo amefumba macho. Damu ikamtiririka mdomoni. Nikampa kitambaa changu cha kichwa, akakibana puani, akaitazama bunduki, akaitazama ndala ya waridi iliyopasuka, akanitazama mimi. Kisha akanipa Shangazi kwa mikono miwili, kama inavyopasa mtu kutoa kitu cha maana.

"Beba mwenyewe," akasema kwa sauti ya mafua, akaanza kupanda kwenda kwenye gari.